PLAGI ZA MOTOKAA NA HATI ZA GEREJI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, nayo yachapishwa hapa kwa ombi la wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Halmashauri imenitaka niseme juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu wakaliona dogo mno kwa mkutano wa watumishi wa Serikali, nalo ni plagi za motokaa. Nakubali ya kuwa plagi ni kitu kidogo. Hutosha katika kiganja cha mtoto. Walakini kwa muda wa miaka mingi nimekuwa nikizisoma hati za madai ya magereji, za magari ya ofisi na za wenzetu wanaoniletea ili nizitazame, nami nimeona ya kuwa plagi ndiyo mlango ambao madai mengine mengi hupitia.

Sababu zake ni wazi. Kila gari la petroli lina plagi, na wenye magari walio wengi hawajapata kuiona kwa macho yao. Tena plagi huchakaa kweli, basi mtu akiambiwa kwamba zake zimekwisha hawezi kushangaa wala kubisha. Na dalili za plagi iliyochakaa hufanana na dalili za maradhi mengine ya injini: gari huwaka kwa shida asubuhi, hupanda mlima kwa kusitasita, hunywa mafuta kupita desturi yake, na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Fundi mwaminifu akiziona dalili hizo hutazama plagi kwanza, kwa kuwa ni rahisi kutazamwa. Fundi asiye mwaminifu naye huanza na plagi, kisha huendelea na mengine hata mwenye gari akakosa pumzi.

Nasema haya mbele ya makarani kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mifuko yetu. Wengi waliomo humu walinunua magari yaliyokwisha kutumika Japani, wakayanunua kwa mkopo, na marejesho ya mkopo huo hukatwa katika mshahara kabla haujafika mkononi. Kinachobaki ndicho cha chakula, na kodi ya nyumba, na ada za watoto, na cha kumpelekea mama nyumbani. Hati ya gereji isiyotazamiwa haipati mahali pa kukaa ila kwa kukiondoa kimojawapo cha hivyo. Na karani aliyeelemewa na madeni huja kutafutwa na watu wenye bahasha, maana wao hujua upesi kuliko mkuu wake wa kazi ni nani amebanwa.

Ya pili ni kalamu zetu. Hati za matengenezo ya magari ya umma hupita juu ya meza za watu kama sisi, nasi huzitia sahihi. Miaka kadhaa iliyopita niliiona hati moja iliyodai plagi sita za cheche kwa Land Cruiser ya dizeli. Ilikuwa imekwisha kupita mikono miwili, na sahihi zake zilikuwa safi kabisa. Mabwana, injini ya dizeli haina plagi ya cheche hata moja. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Injini za dizeli nyingine zina plagi za kupashia joto, zinazosaidia injini kuwaka ikiwa baridi, lakini hicho ni kitu kingine, chenye umbo jingine na bei nyingine. Wale wawili waliotia sahihi hawakuwa wezi. Hakuna aliyepata kuwaambia.

Basi plagi ni nini? Ndani ya silinda, petroli iliyochanganyika na hewa hushindiliwa na pistoni, nayo haiwaki mpaka iguswe na moto. Plagi ndiyo kiberiti chake. Katikati yake umepita uti wa chuma ndani ya kauri nyeupe, na chini pana ncha mbili zinazokaribiana bila ya kugusana. Umeme wenye nguvu ya volti elfu kumi na zaidi huruka kutoka ncha moja hata ya pili, ikatokea cheche. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi yapaswa kuwasha mara 1,500 katika dakika hiyo hiyo. Si ajabu basi kwamba ncha zake hulika na pengo la katikati hupanuka. Étienne Lenoir alitumia cheche ya umeme katika injini yake ya gesi huko Paris mwaka 1860, na mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch mjini Stuttgart, alitoa magneto ya umeme wa nguvu pamoja na plagi yake. Tangu hapo madini yake yamebadilika sana, umbo lake kidogo.

Sasa nafikia jambo lenyewe. Plagi iifaayo gari lako haichaguliwi kwa uzuri wa boksi wala kwa maneno ya muuza duka. Imekwisha kuchaguliwa na waliotengeneza injini, na namba yake imeandikwa katika kitabu cha gari. Mtasema, "Kitabu chenyewe ni cha Kijapani." Ni kweli, lakini namba ya plagi huandikwa kwa herufi na tarakimu hizi hizi zetu, na mtu aweza kuitambua katikati ya mwandiko asioujua kama amtambuavyo ndugu yake katika umati wa sokoni. Kitabu kikiwa kimepotea, watengenezaji wa plagi wameweka orodha zao katika intaneti, nawe utatafuta kwa jina la gari, mwaka wake, na aina ya injini. Na aina ya injini huandikwa mara nyingi katika kibati kilichopigiliwa chini ya boneti.

Chukueni namba moja iwe mfano: BKR6E-11, ya kampuni ya NGK. Herufi BK zaonyesha ya kuwa nyuzi za kufungia zina kipenyo cha milimita 14, na ya kuwa hufunguliwa kwa spana ya milimita 16. R yaonyesha kwamba ndani yake mna kizuizi cha kupunguza kelele za umeme zinazosumbua redio na kompyuta ya gari. Tarakimu 6 ni kipimo cha joto. E ni urefu wa sehemu yenye nyuzi, milimita 19. Na 11 ni pengo baina ya ncha, yaani milimita 1.1. Namba hiyo ni kama anwani juu ya barua; karani akikosea herufi moja, barua humfikia mtu mwingine. Plagi ikiwa na nyuzi ndefu kupita kiasi, ncha yake yaweza kugongwa na pistoni, na hapo gharama si ya plagi tena. Ikiwa fupi, cheche huwakia ndani ya shimo, na nyuzi za silinda hedi zilizoachwa wazi hujaa masizi.

Juu ya kipimo cha joto nataka kukaa kidogo, maana ndipo wengi hudanganywa, na mafundi wengine hujidanganya wenyewe. Joto hilo si ukali wa cheche. Maana yake ni wepesi wa plagi kulitoa joto la moto na kulipeleka katika silinda hedi. Ile inayolitoa upesi huitwa ya baridi. Ile inayolishika huitwa ya moto. Ya moto mno huweza kuwa nyekundu na kuwasha mafuta kabla ya wakati wake, ikaiharibu pistoni. Ya baridi mno haiwezi kuunguza masizi yake yenyewe, basi huchafuka. Kwa NGK na Denso, namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion mambo ni kinyume: namba kubwa ni ya moto zaidi. Tena namba za kampuni moja si namba za nyingine. 6 ya NGK hulingana na 20 ya Denso. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Hii namba yake kubwa, ina nguvu," mshukuru, uondoke dukani.

Yako mambo mawili ambayo hutufanya tumshuku fundi bure, nami nataka kuyasema kwa ajili ya haki. Honda Fit za kwanza, zilizoanza kutolewa mwaka 2001, nyingi zina injini iitwayo i-DSI, yenye silinda nne na plagi mbili kwa kila silinda. Fundi akikudai plagi nane kwa gari hilo dogo, hakuibii, inama uhesabu. Kadhalika Harrier na Alphard zenye injini ya silinda sita za V: plagi tatu zimekaa upande wa nyuma, zimefunikwa na mtungi wa kupitishia hewa, nao hauna budi kufunguliwa kwanza. Kazi hiyo ni ya saa kadhaa, na ujira wake hauwezi kulingana na ule wa Vitz.

Na hapo ndipo swali la iridiamu hujibiwa. Plagi za kawaida, zenye ncha ya nikeli, hudumu takriban kilomita 20,000 hata 30,000. Zenye iridiamu au platinamu, madini yaliyo magumu kulika, zaweza kufika kama kilomita 100,000, na bei yake ni mara kadhaa ya zile. Wauzaji husema iridiamu huongeza nguvu na kupunguza mafuta. Kwa injini nzima iliyotengenezwa kwa plagi za nikeli, sijaona tofauti ya kulipia fedha. Faida yake ni kudumu. Basi ikiwa gari lako lilitengenezwa kwa iridiamu, weka iridiamu, usirudi nyuma. Ikiwa lilitengenezwa kwa nikeli na plagi zake zafikiwa kwa mkono mmoja, nikeli yatosha. Ikiwa zimefichwa kama nilivyoeleza, nunua za kudumu, kwa kuwa utakachookoa ni ujira wa kufungua. Nanyi mliokwisha kulipia iridiamu, msikubali zibadilishwe kila sevisi ya kilomita 5,000. Nimeona hati zinazofanya hivyo, na plagi zilizotolewa hazikurudishwa kwa mwenyewe. Sina haja ya kusema ziliuzwa wapi.

Zipo pia plagi za bandia, na boksi lake hufanana na la halali hata mtu mwenye miwani hupotea. Mjini Dar es Salaam, huko Kariakoo na Gerezani, kama vile Kirinyaga Road kule Nairobi, duka jema na duka baya huweza kuwa ukuta kwa ukuta. Itazame plagi yenyewe kuliko boksi. Maandishi juu ya kauri yawe makali, yasifutike kwa kidole. Nyuzi ziwe laini, zisizo na makovu. Ncha ya katikati iwe katikati barabara. Ile pete ya chuma iliyovishwa juu ya nyuzi isivuke kirahisi. Katika plagi halali za NGK pete hiyo imeshikwa, haianguki ovyo. Nanyi ombeni risiti ya EFD yenye jina la bidhaa. Kwa Tanzania Bara, Tume ya Ushindani ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na mlalamikaji asiye na risiti hana pa kuanzia.

Tuseme sasa gari limefika gereji, na fundi amesema plagi zimekwisha. Mwambie kwa adabu, "Fundi, naomba tuzitoe tuzione." Hilo si tusi, na fundi mwenye kazi yake hufurahi kuonyesha. Mpange plagi kwa utaratibu wa silinda zake, kisha msome. Ncha yenye rangi ya hudhurungi isiyokolea, au ya kijivu, ni ya injini yenye afya. Iliyobaki ni kupima pengo. Masizi meusi makavu yaonyesha petroli nyingi kuliko hewa, pengine kwa chujio la hewa lililojaa vumbi, nalo hubadilishwa kwa mkono bila fundi. Weusi wenye mafuta ya injini ni habari mbaya: huenda ringi za pistoni au sili za vali zimechoka, na plagi mpya zitachafuka vile vile kabla ya miezi kupita. Lakini tazameni mafuta yako upande gani. Yakiwa juu, kuizunguka kauri kwa nje, huenda ni sili tu ya kifuniko cha vali inayovuja, na hiyo ni kazi ndogo. Nyeupe mno, yenye malengelenge, imepata joto kupita kiasi. Na moja ikiwa tofauti na wenzake watatu, basi ugonjwa umo katika silinda ile. Kubadilisha vitu vyote vinne si tiba.

Juu ya hili la mwisho nitawapa mfano. Mwenzetu mmoja wa masjala alipeleka gari lake katika gereji yenye vioo na kiti cha kungojea. Injini ilikuwa inamisi, kama mafundi wasemavyo, yaani silinda moja haikuwaka sawasawa. Akapewa karatasi: plagi nne, koili nne, kusafisha nozeli, na kupima kwa kompyuta. Jumla yake ilizidi mshahara wake wa mwezi baada ya makato. Alikuwa na akili ya kuomba siku moja ya kufikiri, na ya kuomba namba iliyoonekana katika kompyuta, kwa kuwa alikuwa ameilipia. Namba ilikuwa P0303. Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda, nayo ni ya tatu. Jioni akaenda kwa fundi wa chini ya mwembe, wakaitoa koili ya silinda ya tatu wakaiweka katika ya kwanza, na ya kwanza wakaiweka katika ya tatu, wakaifuta ile namba, wakaendesha kidogo. Namba iliporudi ilikuwa P0301. Ugonjwa ulikuwa umefuatana na koili. Akanunua koili moja. Kama namba ingalibaki P0303, wangalihamisha plagi vivyo hivyo; na kama bado, ndipo wangaliitazama nozeli na mkandamizo. Kazi yote haikufika nusu saa, na yule fundi alilipwa vizuri.

Nasema alilipwa vizuri kwa makusudi. Wengi wetu hujadiliana ujira wa fundi hata ukawa kama bure, kisha tukamtuma yeye mwenyewe kununua spea. Mtu huyo ana watoto. Akinyimwa katika ujira atajitafutia katika spea, na hapo hatujui amechukua kiasi gani, wala spea yenyewe ni ya namna gani. Mimi naona heri kumlipa fundi ujira wa haki, ukataja hivyo waziwazi, na plagi ukanunua mwenyewe ukiwa na namba yako mkononi. Magereji makubwa mengine hayakubali spea ya mteja. Basi hati yao na itenge bei ya vitu na bei ya kazi, na itolewe kabla kazi haijaanza. Neno "sevisi kubwa" lililoandikwa peke yake na kufuatwa na jumla si hesabu. Karani asingeipokea hati ya namna hiyo ofisini; sijui kwa nini huipokea akiwa amevaa nguo za Jumamosi.

Juu ya mafuta ya injini nitasema kidogo tu. Wako wanaosema kwamba kibandiko cha kilomita 5,000 ni hila ya gereji, kwa kuwa vitabu vingine huruhusu 10,000 na zaidi. Hapo nipo upande wa mafundi. Vitabu hivyo hivyo hupunguza muda kwa gari linalotembea katika vumbi, au safari fupi fupi, au foleni ya kila siku, na haya ndiyo maisha ya magari yetu.

Kwa wale wanaotaka kufunga plagi kwa mikono yao: injini iwe baridi, maana silinda hedi ni ya alumini, na nyuzi zake huharibika upesi ikiwa na moto. Pulizeni vumbi kabla ya kufungua, lisianguke ndani. Plagi mpya ianze kufungwa kwa vidole, bila nguvu. Ikikataa, itoeni muanze tena. Ikiisha kukaa, plagi mpya ya milimita 14 yenye pete hukazwa kwa spana nusu ya mzunguko hata theluthi mbili, basi. Ile isiyo na pete, yenye kikalio cha mteremko, hukazwa sehemu moja tu ya 16 ya mzunguko. Na pengo la iridiamu msilirekebishe kwa kuichokonoa ncha ya katikati. Ni nyembamba, huvunjika. Plagi isiyowasha, mkiiacha muda mrefu, hupeleka petroli mbichi katika bomba la moshi, ikaunguza kile chombo ambacho mafundi hukiita masega, nacho ni ghali kuliko plagi za miaka kumi.

Bwana Mwenyekiti, katika kopo hili nimeleta plagi tano zilizotolewa katika magari ya wanachama, kila moja na karatasi yake isiyoonyesha jina la mwenyewe. Moja ni ya bandia. Naomba zipitishwe kuanzia safu ya mbele, na kila mtu aandike katika karatasi yake ni ipi, na ipi ina mafuta ya injini, kabla hatujafungua nafasi ya maswali.